Fedha Yake Tunaitaka, Yeye Je?

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare. Wengi wetu tuliisoma au kuisikia shuleni, tukamchukia Shylock, Myahudi mkopesha fedha anayedai ratili ya nyama kutoka mwilini mwa mdeni wake. Tukiirudia leo, tukiwa watu wa kanisa tunaoajiri na kuajiriwa Musoma, Bunda na Butiama, tunaona kwamba tulisoma nusu tu.

Tuanze na jina la kitabu. Kwa Kiingereza anatajwa mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, Mkristo. Mwalimu ameandika mabepari, yaani wengi, na kwa neno hilo Mkristo na Myahudi wanaketi benchi moja. Ndivyo ilivyo. Antonio amemtemea Shylock mate na kumwita mbwa. Siku anapohitaji dukati 3,000 anamwendea huyo huyo, na bado anamwambia kwamba huenda akamtemea tena. Fedha anaitaka, mwenye fedha hamtaki. Kisasi cha Shylock ni kiovu, wala hatukitetei, lakini chuki ile ilipandwa na watu.

Jambo gumu zaidi liko mahakamani. Antonio anaombwa aoneshe huruma, naye anaweka sharti kwamba Shylock awe Mkristo. Wakristo wa Venisi wanaiona hiyo kuwa hisani. Shylock anatoka akisema hajisikii vizuri, kisha tunaletewa muziki na mizaha ya wapenzi, na hakuna anayeuliza hali yake. Hapo tunailaumu tamthiliya: inatuharakisha kucheka. Sisi Walutheri tusikubali kuharakishwa. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika kitabu dhidi ya Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe moto. Ilikuwa mwaka 1984, kule Budapest, ndipo mkutano mkuu wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani ulipopokea tamko la kuyakataa maneno hayo.

Nasi tunayo ya kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tuliketi katika kamati ya kituo kimoja cha afya cha kanisa. Muuguzi Msabato aliomba abadilishiwe zamu: afanye kazi Jumapili, apumzike Jumamosi. Kila mjumbe aliisifu kazi yake. Jibu likawa kwamba anayetaka mshahara wetu afuate taratibu zetu. Tuliokuwa na mashaka tulinyamaza. Haukupita muda akaacha kazi. Jumapili wagonjwa waliendelea kuhitaji muuguzi, nasi tulikuwa ibadani.

Tutaambiwa kwamba taasisi ya kanisa lazima ilinde imani yake. Ni kweli, kwa mchungaji na mwinjilisti imani ndiyo kazi yenyewe. Lakini mhasibu, mpishi na muuguzi tunawaajiri kwa ujuzi na uaminifu wao. Tukiwawekea sharti la kufanana nasi, tunarudia hukumu ya Venisi. Tena jambo hili halikomei kwenye madhehebu. Mkoani kwetu Wakurya, Wajita, Wazanaki, Waikizu na Wajaluo wanakutana katika ofisi moja. Tujiulize ni majina ya ukoo gani yanayoitwa kwenye usaili, na ni lugha gani inayozungumzwa wakati wa chai ya saa nne, hata mwenzetu mmoja akabaki anatazama kikombe chake.

Januari 1964 Mwalimu alitangaza kwamba ajira serikalini isitazame tena rangi ya raia. Wapo waliokasirika, kwa kuwa majeraha ya ukoloni yalikuwa mabichi. Kama serikali changa iliweza kusema hivyo, kanisa linalohubiri viungo vingi vya mwili mmoja (1 Kor. 12) lina udhuru gani?

Hatusemi kwamba ni rahisi. Kubadilisha zamu huleta manung'uniko, na ndugu wa mjumbe akinyimwa kazi, hilo husemwa hata kwenye misiba. Lakini ombi la muuguzi yule lilihitaji kalamu na dakika tano mbele ya ratiba ya zamu. Kamati nyingine itaketi mwezi ujao, na baadhi yetu tutakuwa wajumbe. Safari hii tusinyamaze.