Hesabu za Shule Ndogo

Mkulima mwenye mashina manne ya mihogo, nguruwe akila moja, amepotewa na robo ya shamba lake. Mwenye mashina elfu hata hana habari. Je, tumwite yule wa kwanza mvivu? Tumekumbuka mfano huu tulipozitazama hesabu zinazotangazwa kila mwaka juu ya shule za serikali za Marekani, yaani idadi ya wanafunzi, na wangapi katika kila mia wamefaulu.

Desturi hii ilitiwa nguvu na sheria ya mwaka 2002, na ile ya 2015 iliyoshika mahali pake haikuiondoa. Nia yake twaisifu: mzazi ana haki ya kujua kama mtoto wake afundishwa, na mtoto wa maskini asisahauliwe. Kosa li katika namna ya kuzisoma hesabu zenyewe. Shule ya kati yenye watoto 10 tu, mmoja akishindwa kwa sababu ya homa, shule imeshuka 10 katika mia. Yenye watoto 300 haishuki hata moja. Basi mwaka huu mwalimu asifiwa, mwakani alaumiwa, naye ni yule yule, na kazi yake ni ile ile.

Wala hii si dhana tupu. Mwaka 2006 wataalamu Howard Wainer na Harris Zwerling walieleza habari za shule 1,662 za jimbo la Pennsylvania, watoto wa darasa la tano. Katika shule 50 zilizoongoza kwa kusoma, 6 zilikuwa miongoni mwa zile 50 ndogo kabisa, ingawa kwa kadiri ingetazamiwa moja au mbili. Mtu angesema, "Udogo ndio dawa." Lakini katika 50 zilizoshika mkia, ndogo kabisa zilikuwa 9! Udogo haukuleta akili wala ujinga. Uliyumbisha hesabu tu.

Kwa sababu hiyo majimbo huficha matokeo ya kundi lililo dogo mno, tena ili mtoto asijulikane. Ni vema, lakini haitoshi, maana kilichofichwa hakirekebishwi. Twaonelea zijumlishwe hesabu za miaka mitatu. Kisha mkaguzi aende mwenyewe, aketi nyuma ya darasa, awasikie watoto wakisoma. Shule kubwa yaweza kujulikana kwa tarakimu. Shule ya watoto kumi hujulikana kwa majina yao.