Ekseli ya Hilux Chini ya Surf: Inavyopimwa Kabla ya Kulipiwa

Kwa modeli za mwaka 1986, Toyota iliondoa ekseli nzima ya mbele kwenye pikapu zake za foo-wili zilizouzwa Marekani. Badala yake iliweka mfumo ambao kila gurudumu hupanda na kushuka kivyake, likibebwa na toshenba. Hilux Surf ikafuata njia hiyohiyo. Barabarani gari lilikuwa laini zaidi, lakini porini likapoteza kitu: gurudumu moja likipanda jiwe, la pili halishuki vya kutosha kushika ardhi, na gari likiinuliwa sana shafti fupi za mbele huteseka kwa pembe kali.

Ndiyo maana mafundi wa Marekani na Australia wamezoea kuukata mfumo huo mpya na kurudisha ule wa zamani. Wamarekani hutafuta ekseli za pikapu za 1979 hadi 1985. Waaustralia wana uwanja mpana zaidi, kwa sababu Hilux ya LN106 iliendelea kuuzwa kwao ikiwa na ekseli nzima na springi za bamba mbele hadi 1997. Hilux za aina hiyo zilifika Afrika Mashariki pia, na Surf za mtumba kutoka Japani zimejaa, kwa hiyo swali la ekseli ipi inafaa halipo mbali na gereji za hapa.

Mnunuzi asiye na uzoefu huanza kwa kuuliza kama ekseli ni imara. Fundi mzoefu huingia kwanza chini ya gari litakalopokea na kuangalia propela ya mbele inatoka upande gani wa transfa. Hapo ndipo ekseli nyingi zinapokataliwa kabla hata ya kuguswa. Pikapu za Toyota za 1979–85 zina difu upande wa kulia, na Surf za mfululizo wa 130 vilevile, hivyo propela inaelekea palepale. Ford Bronco ya 1978–79 ina ekseli ya mbele iitwayo Dana 44 inayosifiwa sana kwa ugumu, lakini difu yake iko kushoto. Kuipindua juu chini ili difu ihamie kulia ni kujidanganya: magurudumu yatazunguka kinyumenyume.

Upana unafuata. Ekseli ya 1979–85 ni fupi kuliko upana wa magurudumu ya Surf kwa takriban inchi 3, yaani inchi moja na nusu kila upande. Pengo hilo huzibwa kwa spesa au kwa rimu zenye kina tofauti. Boli za rimu hazisumbui, kwani zote ni 6 kwenye duara la milimita 139.7. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizofanyiwa mabadiliko mwaka 1999 ni habari nyingine: boli 5, milimita 150.

Uwiano wa difu ndio unaopimwa vibaya kuliko vyote. Mbele na nyuma lazima vilingane, la sivyo foo-wili ikifungwa kwenye ardhi kavu, transfa na tairi zitagombana. Toyota imetumia 4.10, 4.30, 4.556 na 4.875, na kati ya mbili za kwanza jicho haliwezi kutofautisha kwa mzunguko mmoja. Fundi makini hufunga kwanza loki za hubu, kwa sababu zikiwa wazi gurudumu litazunguka lenyewe bila kugusa difu. Kisha upande mmoja unashikiliwa, mwingine unazungushwa mara 20, na mtu wa pili anahesabu mizunguko ya flenji ya propela. Ikifika 41, ni 4.10; ikifika 43, ni 4.30. Hata hivyo, uwiano usiolingana ni sababu ya kushusha bei tu. Kichwa cha difu cha ekseli hizi hutoka kizima kwa kufungua nati, na kingine kinaingia.

Hali ya nako, kile kifundo kinachogeuza gurudumu, ndiyo inayoeleza ekseli ilivyotunzwa. Plagi ya juu hufunguliwa na kidole kinaingizwa. Grisi nzito ni dalili njema. Ikitoka rojorojo nyeusi inayonuka oili ya difu, sili ya ndani imekufa, na jointi imekuwa ikizunguka ndani ya mchanganyiko huo kwa muda usiojulikana. Beringi za nako nazo hupimwa kwa kuligeuza gurudumu polepole kupitia katikati. Likikwama kidogo usukani unapokuwa sawa, zimeshachimbika.

Ugumu mkubwa haumo kwenye ekseli ikiwa sakafuni, bali unaanza siku inapochomelewa. Gari likiinuliwa, propela inataka pua ya difu itazame juu kuelekea transfa. Lakini tufe za nako zimechomelewa kwenye ekseli hiyohiyo, na pua inapoinuka mwinamo wa nako kurudi nyuma, unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, unapungua. Gari litapanda mlima bila propela kulia, halafu kwenye lami litayumba kama mlevi. Wanaofanya kazi kwa ukamilifu hukata tufe na kuzizungusha upya. Wengi huchagua kuupa mwinamo kipaumbele na kuiacha propela ivumilie, na kwa gari linalotumika pia mjini hilo ndilo chaguo la busara.

Stelingi hula pesa iliyookolewa kwenye ekseli. Pikapu za zamani zilitumia mkono unaosukuma na kuvuta kwenda mbele na nyuma, ilhali boksi ya Surf huzungusha mkono wake kwenda kushoto na kulia. Suluhisho la kawaida ni kuibakiza boksi ya Surf na kufunga mikono mipya juu ya nako, ikishikwa na stadi nne kila upande. Stadi hizo zinajulikana kwa kulegea, na zikipuuzwa hukatika, ndiyo maana hukazwa upya kwa spana ya kipimo baada ya safari ya kwanza ya mawe.