Juu ya Usemi "Kuzalisha Kupita Kiasi"

Iko misemo ambayo watu huitumia kila siku bila kuipima. Mmojawapo ni huu usemwao bei ya mazao inapoanguka: "Wakulima wamezalisha kupita kiasi." Wengi huusikia, huinamisha vichwa, na kudhani ya kuwa kosa ni la jembe. Yafaa tuuchungue.

Asili yake, kuzalisha ni kazi ya mkunga, yaani kumsaidia mwenye kuzaa. Baadaye wenye elimu ya uchumi walilichukua neno hili, likawa na maana ya kutoa mali shambani au kiwandani. Hilo si baya, kwani lugha hukua. Shida haimo katika kuzalisha, imo katika kiasi. Kiasi ni kipimo, na kila kipimo kina mpimaji. Chumvi ikipita kiasi, ulimi ndio uliopima. Maji ya mto yakipita kiasi, kingo ndizo zilizopima. Je, mazao yakipita kiasi, ni nani aliyepima?

Tutazame mambo mawili yaliyotokea. Huko Brazil, katika miaka ya bei nzuri, watu walipanda mibuni mingi. Mbuni hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Basi mingi katika hiyo ilizaa wakati dhiki kuu iliyoanza mwaka 1929 imekwisha kuingia. Toka mwaka 1931 hata 1944 kahawa ipatayo magunia milioni 78, kila gunia kilo 60, iliharibiwa huko, nyingi kwa moto. Hapa usemi wetu una haki kwa sehemu, kwa kuwa kahawa si chakula cha kuondoa njaa. Hata mtu akipewa bure, hanywi vikombe mia kwa siku.

Lakini mwaka 1933 serikali ya Marekani ilinunua nguruwe wapatao milioni 6, wakachinjwa ili bei ipande. Sehemu ya nyama waligawiwa maskini, bali nyingine ikageuzwa kuwa mafuta na mbolea. Na wakati uo huo mamilioni ya watu hawakuwa na kazi, wala fedha ya kununua nyama. Nguruwe hao walipita kiasi gani? Hawakupita kiasi cha matumbo. Walipita kiasi cha fedha iliyokuwamo mifukoni.

Basi usemi mmoja wafunika mambo mawili: wingi uliopita haja, na wingi uliokosa mnunuzi. Dawa zake hazifanani. Kwa wingi wa kwanza, mkulima hana budi kupunguza au kubadili zao. Kwa wingi wa pili, kupunguza ni kuongeza njaa. Hapo hutakiwa ghala, barabara, na mnunuzi mwenye uwezo. Atumiaye usemi huu bila kutenga hayo mawili humbebesha mkulima mzigo usio wake.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba umezalisha kupita kiasi, usikasirike, wala usikubali upesi. Mwulize kwa upole: Kiasi cha nani?