Jenerali Aliyejua Kungoja

Mwaka 1957 wahandisi wawili wa Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, Ken Olsen na Harlan Anderson, walikwenda kuomba mtaji kwa kampuni ya Boston iitwayo American Research and Development, kwa kifupi ARD. Walitaka kutengeneza kompyuta. Bidhaa hawakuwa nayo, mteja hawakuwa naye, na hakuna kati yao aliyewahi kuendesha biashara. Kabla hawajaingia kwa wakurugenzi, watumishi wa ARD waliwaita pembeni wakawapa mashauri matatu. Wasilitaje neno kompyuta, kwa sababu jarida la Fortune lilikuwa limeandika kwamba hakuna anayepata faida kwa kuziunda. Wasiahidi faida ya asilimia tano, maana kwa faida hiyo nani atahangaika kuhatarisha fedha zake? Na waseme faida itakuja upesi, kwa kuwa baadhi ya wazee watakaowasikiliza wamepita miaka themanini.

Wakatii. Mchanganuo wao ukasema wataanza na vibao vya saketi vya kuuzia maabara. Walitoka na dola 70,000 za hisa pamoja na ahadi ya mkopo wa 30,000, na ARD ikabaki na asilimia 70 ya kampuni mpya, Digital Equipment Corporation. Mimi kisa hiki hunifurahisha kwa jambo moja: waliowafundisha waombaji jinsi ya kuwashawishi wenye fedha walikuwa ni watu wa wenye fedha hao hao. Walikuwa wameshawapenda vijana wale, na kazi iliyobaki ilikuwa kuwavusha mlangoni.

Aliyewalea watumishi wa namna hiyo ni Georges Doriot. Alizaliwa Paris mwaka 1899, mtoto wa mhandisi wa magari wa Peugeot, akahamia Marekani mwaka 1921, akawa profesa wa biashara Harvard. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alivaa magwanda akiwa katika idara ya ugavi ya jeshi la Marekani, kazi yake kutafuta watu wa kubuni viatu, makoti na vyakula ambavyo askari walivihitaji na havikuwepo. Alitoka na cheo cha brigedia jenerali, na hadi kufa kwake mwaka 1987 watu walimwita Jenerali. ARD ilianzishwa mwaka 1946 na watu wakubwa wa Boston, akiwemo Karl Compton, rais wa MIT, na Doriot akakabidhiwa usukani. Moja ya kampuni za kwanza walizoziwezesha ni High Voltage Engineering, iliyounda mashine za mionzi mikali za kutibu saratani.

Kabla ya hapo, mwenye wazo jipya alikuwa na njia mbili: benki, au tajiri wa ukoo fulani mwenye hamu ya kujaribu. Benki haikuwa mbaya, ila hesabu zake ni za namna nyingine. Ukikopa ukafanikiwa mara elfu, benki inapata riba ile ile mliyoandikiana. Ukianguka, inapoteza kila kitu. Lazima basi iogope anguko, idai dhamana, na impende mwenye duka kuliko mwenye ndoto. Mwenye hisa hesabu zake zimegeuzwa. Hasara yake ina mwisho: hawezi kupoteza zaidi ya alichotoa. Faida yake haina dari. Tuseme amegawa fedha sawasawa kwa kampuni kumi. Sita zinakufa, tatu zinarudisha kile kile alichoweka, na moja inakua mara hamsini. Sita zile hazina tena uzito wowote katika daftari lake. Tatizo lake kubwa ni kuikosa ile moja, au kuwa nayo mkononi akaiuza mapema kwa hofu.

Hapo penye kutoiuza mapema ndipo ninapoona ufundi wa Doriot. Kuchagua watu alijua, na msimamo wake unakaririwa mpaka leo, kwamba ni heri mtu wa daraja la kwanza mwenye wazo la daraja la pili kuliko kinyume chake. Lakini kuchagua ni kazi ya siku chache. Kukaa na uliyemchagua ni kazi ya miaka, na wengi humo ndimo wanamoshindwa.

Olsen na Anderson walipanga sehemu ya kiwanda cha zamani cha nguo za sufu huko Maynard, Massachusetts. Vibao vyao vilipata wanunuzi na mwaka wa kwanza ukaisha kwa faida. Walipompelekea Jenerali hesabu, inasimuliwa kwamba alisikitika, akawaambia hajaona aliyefanikiwa upesi hivyo akadumu. Ni maneno ya ajabu kutoka kwa mwenye asilimia 70 ya hisa. Hakudai gawio wala hakuwaharakisha. Kompyuta yao ya kwanza, PDP-1, ilionekana hadharani mwishoni mwa 1959. PDP-8, iliyouzwa kwa dola 18,000 hivi wakati mashine nyingi ziligharimu mamia ya maelfu, ilikuja mwaka 1965. Muda wote huo Doriot alikuwa mtu wa kupigiwa simu. Aliuliza maswali, akatafuta watu, akaonya, na kiti cha mkurugenzi mkuu akamwachia Olsen. Kampuni zake alizisema kama watoto, na alishangaa kuulizwa kwa nini hauzi iliyodorora: mtoto akipata homa, nani humpeleka sokoni?

Digital iliingia soko la hisa mwaka 1966, hisa moja kwa dola 22. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 zile dola 70,000 zilikuwa zimefikia zaidi ya dola milioni 350, kiasi cha mara elfu tano.

Subira hiyo, hata hivyo, haikutoka moyoni mwa Jenerali peke yake. ARD yenyewe iliuzwa katika soko la hisa. Mwekezaji aliyechoka kungoja aliuza hisa zake kwa mwingine, na fedha za mfuko zikabaki palepale. Hakuna aliyeweza kumgongea Doriot mlango akidai chake. Chombo hicho hicho ndicho kilichomfunga mikono. Sheria ya Marekani ya mwaka 1940 inayosimamia kampuni za uwekezaji ilizuia watumishi wa ARD kupewa hisa za kampuni walizozilea, kwa hiyo mtu alikesha miaka, akaona waanzilishi wanatajirika, naye akaambulia mshahara. Bill Elfers, mmoja wa watu wa karibu kabisa na Doriot, aliondoka mwaka 1965 akaanzisha kampuni yake ya mitaji, Greylock, kwa muundo mwingine: ubia.

Ubia huo kule magharibi Arthur Rock na Tommy Davis walikuwa wameshauanza San Francisco mwaka 1961. Wenye fedha huziweka kwenye mfuko kwa muda maalumu, ambao siku hizi kwa kawaida ni miaka kumi. Wabia wanaouendesha hulipwa ada ya kila mwaka, mara nyingi asilimia mbili, na mwishoni huchukua sehemu ya faida, kwa kawaida asilimia ishirini. Mlezi naye akala alichokilea. Rock ndiye aliyekusanya dola milioni 2.5 za kuanzisha Intel mwaka 1968, kwa karatasi chache na jina zuri la waanzilishi wake, Robert Noyce na Gordon Moore. Ni muundo wa akili sana, na ndio uliotawala. Ila una saa ndani yake. Mwaka wa saba au wa nane mbia huanza kuulizwa fedha zitarudi lini, na swali hilo humfikia mwanzilishi hata kama bidhaa yake ndiyo kwanza inakomaa.

Saa hiyo imevuka bahari. Kampuni nyingi changa za Nairobi na Dar es Salaam zinazopata mitaji ya namna hii husajiliwa katika jimbo la Delaware, Marekani, hupewa masharti yaliyoandikwa California, na fedha zake hutoka kwenye mifuko yenye umri ule ule wa miaka kumi, katika masoko ambako wanunuzi wa kampuni ni wachache na kampuni changa kuingia soko la hisa ni nadra. Kwangu mimi, hapo saa inadunda kwa sauti kubwa kuliko Boston.

ARD yenyewe, ambayo haikuwa na saa hiyo, ilimezwa na kampuni ya Textron mwaka 1972. Mwaka huo huo Don Valentine alianzisha Sequoia Capital huko California, kwa muundo wa ubia, nayo ikaja kuwa kati ya majina makubwa kuliko yote katika kazi hii. Oktoba 2021 Sequoia ilitangaza kwamba inaachana na mzunguko wa miaka kumi, ikaanzisha mfuko usio na tarehe ya kufungwa, ili iweze kukaa na hisa za kampuni zake hata baada ya kuingia sokoni.