Nobel Ilipofika Kwetu

Tarehe 7 Oktoba 2021 ilipotangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, mjadala uliozuka kwetu haukuhusu vitabu. Watu walibishana kama huyu ni Mtanzania au Mwingereza, na wengine wakaigeuza habari ile kuwa hoja ya uraia pacha. Waliouliza ameandika nini walikuwa wachache. Siwalaumu. Riwaya zake zilikuwa zimefika kumi, zote za Kiingereza, na msomaji wa Kiswahili hakuwa na hata moja ya kuishika mkononi. Atashangilia nini basi, kama si jina?

Hapana shaka tuzo ile kubwa ina masikio ya lugha chache. Wole Soyinka aliipata mwaka 1986, Naguib Mahfouz 1988, Nadine Gordimer 1991, J. M. Coetzee 2003. Mahfouz aliandika kwa Kiarabu, waliobaki kwa Kiingereza. Lugha ya Kibantu haijafika huko. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962 na Euphrase Kezilahabi mwaka 2020, na sidhani kama waamuzi wa Stockholm waliwahi kuwapima na kuwaona hawatoshi. Hawakuweza kuwasoma. Kushindwa ni jambo moja, na kutosomwa ni jambo jingine kabisa.

Hata yule wanayemsoma, wanamsoma kwa namna yao. Akademia ya Uswidi hutoa sababu yake kwa sentensi moja, na ile ya Gurnah ilitaja athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi. Ni kweli kwa vitabu vyake vingi. Lakini chukua riwaya ya Paradise, ya mwaka 1994, iliyoingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka ule. Humo Wajerumani wako pembeni kwa muda mrefu. Wanasikika kama uvumi kabla ya kuonekana. Kiini cha kitabu ni deni. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu baba yake ameshindwa kulipa. Anawekwa rehani, na waliomweka rehani ni watu wa dini yake na lugha yake. Msafara unapokwenda bara, dhuluma inakwenda nao ndani ya mizigo. Kitabu hiki kinatuuma sisi wa pwani kabla hakijamuuma Mzungu, na jambo hilo sentensi ya Stockholm haikulisema.

Ndiyo maana nathamini zaidi lililofuata mwaka 2022, pale Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walipotoa Peponi, tafsiri ya riwaya hiyo iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Miaka ishirini na minane ilikuwa imepita. Nadhani bila Nobel tungeendelea kungoja, na hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoweza kuipa tuzo ile.

Tafsiri yenyewe inazua maswali ambayo Kiingereza kiliyafunika. Yusuf amefundishwa kumwita Aziz kwa neno la Kiingereza linalobeba ndugu wa baba na ndugu wa mama pamoja. Kisha Khalil, kijana wa dukani aliyetangulia kuwekwa rehani, anamkanya kwamba yule si jamaa yake hata kidogo. Kwa Kiswahili huwezi kujificha hivyo. Ukisema mjomba umeleta utani na huruma ya upande wa mama. Ukisema ami umemleta mwenye sauti juu ya mali na watoto wa nduguye. Kwangu mimi ami ndilo lenye ukatili unaostahili, maana uongo aliolishwa mtoto unakuwa na umbo la sheria.

Sisi wenyewe hatukosi tuzo. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ilitenga dola 15,000 kwa kazi za Kiswahili, na miongoni mwa washindi wa 2015 walikuwamo Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilitoa kwa mara ya kwanza Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Mambo mazuri. Ila sherehe zikiisha najikuta na njaa: nataka kusikia waamuzi walibishana nini. Ni beti zipi za Ghassani ziliwashika, na mswada uliokuja nyuma yake ulikosa nini? Picha ya mshindi akishika hundi kubwa ya karatasi ngumu nimeiona mara nyingi. Hoja za waamuzi, kurasa tatu tu, zingeweza kuchapishwa mwishoni mwa kitabu chenyewe, na gharama yake isingefika bei ya maua ya mezani.