Uzee, Kumbukumbu na Majuto katika By the Sea ya Abdulrazak Gurnah

Sisi walimu tuna mazoea ya kumfunga mhusika mzee kwa methali moja: majuto ni mjukuu. Bwana Maksuudi wa Utengano (Said Ahmed Mohamed, 1980) anaporomoka kutoka kwenye mali na madaraka, nasi tunaandika ubaoni kwamba amevuna alichopanda. Kwa Maksuudi jibu hilo linatosha kiasi. Kwa Saleh Omar wa By the Sea (2001) halitoshi hata kidogo, na ndiyo maana napendekeza riwaya hii kwa wanafunzi wetu wa Busia na Tororo, ingawa imeandikwa kwa Kiingereza.

Saleh Omar, mfanyabiashara wa samani kutoka Unguja, anawasili Uingereza akiwa na miaka 65 kuomba hifadhi. Anajifanya hajui Kiingereza, na jina lililo katika karatasi zake ni la mtu mwingine: Rajab Shaaban, hasimu wake wa zamani. Anatafutwa mkalimani, naye anakuwa Latif, mwana wa Rajab huyo huyo. (Sadfa hii ni kubwa mno, msomaji anaikubali kwa sababu tu yanayofuata ni mazito.)

Yanayofuata ni mazungumzo ya watu wawili wanaokumbuka jambo moja kwa namna mbili. Saleh alitwaa nyumba ya kina Latif kufidia deni. Hati zilikuwa sahihi. Baadaye familia ile ilipata nguvu serikalini, naye akaishia gerezani kwa zaidi ya miaka 10. Alipotoka, mkewe na binti yake walikuwa wamekwisha kufa. Amedhulumiwa, na amewaumiza wengine. Latif, kwa upande wake, hajasahau kwamba akiwa mtoto alitumwa na mamaye kuomba meza ndogo ya mpingo irudishwe, akarudi mikono mitupu. Katika daftari la mdai meza ile ni kitu kidogo, lakini kwa mtoto ndiyo kesi nzima. Majuto ya Saleh yanaanza pale anapolazimika kuisikia habari ya meza kutoka kinywani mwa Latif. Hapo hajaadhibiwa na mtu. Anapewa upande wa pili wa hesabu.

Wanafunzi wa mpakani hawahitaji kuelezwa sana habari hii. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi Wakenya. Mwaka 1972 Amin akawafukuza Waasia, na majumba yao, Tororo yakiwemo, yakagawiwa wengine. Sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuyarejesha. Kila jumba la namna hiyo lina aliyeondoka na aliyepokea ufunguo, na kila mmoja anazeeka na masimulizi yake. Mwanafunzi aliyekulia karibu na jumba kama hilo ataelewa upesi kwa nini karatasi halali haimpi Saleh usingizi.

Kasoro ninayoiona ni ya wanawake. Salha, mke wa Saleh, anakufa nje ya jukwaa, na mama yake Latif tunamjua kwa midomo ya wanaume tu. Riwaya inayosisitiza kwamba kila kumbukumbu ina mpinzani ingepaswa kuwaita nao mezani.

Liko pia suala la lugha. Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis (2022), imeonyesha kwamba Gurnah anakaa vyema katika Kiswahili. Wape wanafunzi kurasa ambazo Latif anafika kumwona mzee kwa mara ya kwanza, wazitafsiri. Kiingereza kinamruhusu Latif kuanza bila kuchagua. Katika Kiswahili kijana amesimama mlangoni pa mzee aliyechukua nyumba yao, na mfasiri hawezi kuandika sentensi ya kwanza kabla hajaamua kama kijana huyo ataamkia shikamoo au la, na kama atamwita mzee, ami au bwana.