Nukta Chini ya Herufi

Kipo kibao cha mbao, kilichofukuliwa katikati ya London, chenye hati ya deni. Tibullus, aliyekuwa mtumwa wa Venustus kabla ya kuachwa huru, anakiri kwamba anadaiwa dinari 105 na Gratus, naye aliyeachwa huru na Spurius, kwa bidhaa alizouziwa na kukabidhiwa. Tarehe ni 8 Januari mwaka 57, miaka 14 tu baada ya majeshi ya Roma kuivamia Britania. Ukiisoma tafsiri yake utadhani mtu alikiokota kibao, akakipangusa tope, akakisoma. Haikuwa hivyo hata kidogo.

Kibao hicho ni kimoja kati ya 405 vilivyopatikana kati ya mwaka 2010 na 2014, kabla ya kampuni ya Bloomberg kujenga makao yake ya Ulaya pale ulipopita mto mdogo wa Walbrook. Tope la maji liliinyima mbao hewa, ndiyo maana haikuoza. Tatizo ni kwamba Warumi hawakuandika kwenye mbao yenyewe. Walichimba uso wa kibao kidogo, wakakijaza nta ya nyuki iliyotiwa weusi, wakaandika juu ya nta kwa kalamu ya chuma. Nta ilikwisha kutoweka zamani. Kinachobaki ni mikwaruzo tu, pale kalamu ilipopenya hadi kwenye mbao, mithili ya mwanafunzi anayekandamiza kalamu mpaka ukurasa wa chini wa daftari ukabeba alama. Na kwa kuwa kibao kilipakwa nta upya na kutumika tena, mikwaruzo ya barua moja hupanda juu ya nyingine.

Aliyepewa kazi ya kuvisoma ni Roger Tomlin, mwanahistoria wa Oxford ambaye kwa zaidi ya miaka 40 amekuwa akisoma maandishi ya Kirumi ya Britania. Kila kibao hupigwa picha kadhaa, taa ikilazwa upande huu, kisha upande ule, ili mkwaruzo utupe kivuli. Tomlin hukaa na picha hizo na kuchora kwa mkono kila mstari anaoamini kuwa ni wa kalamu. Ufa wa mbao huuacha, mkwaruzo wa barua ya zamani huutenga. Ndipo maswali yanapoanza. Katika mwandiko wa siku zile, mistari miwili iliyosimama yaweza kuwa E, au ikawa I mbili. A na R hufanana mno. Neno la herufi sita laweza kusomeka kwa njia kumi.

Hapo ndipo elimu ya miaka mingi humsaidia. Anayejua jinsi Warumi walivyoandikiana hati za madeni hutambua neno linalofuata kabla ya kuliona, na anayewajua makonsuli, viongozi wa Roma ambao majina yao yalitumika kuutaja mwaka, hupata tarehe. Lakini msaada huo ni mtego pia, kwa maana jicho hupenda kuona kile moyo unachokitarajia. Mwaka 1904 msimamizi wa Maktaba ya Bodley, E. W. B. Nicholson, alichapisha kibao cha risasi kutoka mji wa Bath akisema ni barua ya Mkristo wa karne ya 4. Alikitafsiri kikamilifu. Baadaye Tomlin, ambaye mwaka 1988 alichapisha vibao vya risasi zaidi ya mia vya Bath, vingi vikiwa maapizo dhidi ya wezi wa nguo na fedha, alionyesha kwamba Nicholson alikuwa amekishika juu chini.

Ndiyo maana kinachonivutia zaidi katika kurasa za Tomlin ni alama ndogondogo. Kwa utaratibu ambao wanazuoni waliafikiana mjini Leiden mwaka 1931, herufi yenye shaka huwekewa nukta chini yake, na herufi iliyopotea ambayo msomaji ameirudisha kwa kukisia hufungwa katika mabano ya mraba. Kwa hiyo kila ukurasa unamwonyesha mkosoaji mahali pa kugonga. Na kati ya vile vibao 405, vilivyosomwa ni 87.

Faida ya ukali huo inaonekana katika mkataba wa 21 Oktoba mwaka 62. Marcus Rennius Venustus anaafikiana na Gaius Valerius Proculus kwamba Proculus alete mizigo 20 ya vyakula kutoka mji wa Verulamium ifikapo 13 Novemba, kwa robo dinari kila mzigo. Yanafuata masharti, na hapo maandishi yanakatika. Mtu mwingine angeyakamilisha kwa busara yake. Tomlin ameacha pengo. London na Verulamium zilikuwa zimechomwa moto na watu wa Boudica, malkia aliyewaasi Warumi, mwaka 60 au 61. Kumbe mwaka mmoja au miwili baadaye mikokoteni ilikuwa barabarani, na wafanyabiashara walikuwa na imani ya kutosha kuandikiana mikataba. Hilo linabadilisha historia ya mji mzima wa London. Nami naliamini kwa sababu aliyeisoma mizigo 20 ndiye huyohuyo aliyekataa kubuni masharti.